Nilipogeuka mchuuzi wa samaki

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Waitaliano ndio waliotangulia kukatika, mwezi wa tatu 2020, kisha Zanzibar ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona na ndege za watalii zikasimama. Mwaka wa nyuma visiwa vilipokea wageni zaidi ya 500,000. Mwaka ule walipungua karibu nusu. Mtaa wa Gizenga ukabaki na paka.

Sina mshahara. Mgeni asipokuja, nakosa mimi, anakosa mpakaji wa hina, anakosa dereva, na mvuvi wa pweza aliyezoea kuuza hotelini naye anabaki na pweza wake. Huyo wa pweza ndiye aliyenizindua. Hoteli zilipofunga, bei zilianguka mnadani Malindi, na huku watu wanaogopa msongamano wa soko la Darajani. Niliazima baskeli ya shemeji, nikafunga tenga nyuma.

Siku ya kwanza hasara tupu. Nilinunua vibua vingi kwa tamaa ya bei, nikazunguka navyo Michenzani na Kikwajuni mpaka adhuhuri, jua likavilegeza. Tulikula vibua siku tatu: mke wangu akavikaanga, akavipaka nazi, akavipika chukuchuku. Tangu hapo sikununua kitu bila ya kuagizwa. Usiku napiga simu, asubuhi nanunua nilichotumwa tu. Ramadhani ilipoingia, mwezi wa nne, nilishapata nyumba kumi na saba za kudumu.

Mikopo ndiyo iliyonitesa. Nusu ya wateja ni wahudumu wa hoteli waliorudishwa majumbani; utamnyima vipi mtu mliyekula naye sahani moja? Nikaweka sharti: deni ni mtungo mmoja, wa pili ulipe kwanza. Wakanuna, wakazoea.

Nyumbani kulikuwa na mama, mwenye pumu. Nikirudi naoga uani kabla sijaingia ndani, na kibaridi cha masika kile! Yeye ananicheka: "Mwanangu, mimi naikimbia harufu yako, si korona." Tuligombana juu ya nyungu tu. Jirani alimletea majani ya mwarobaini na mchaichai ajifukize. Alipojaribu mara moja kifua kikambana mpaka tukakimbilia dawa yake ya kuvuta. Nyungu ile niliimwaga mwenyewe, jirani akaninunia wiki nzima.

Takwimu zilipoacha kutangazwa, sisi mitaani tulihesabu majeneza. Mwanzo wa 2021 kila msiba uliambiwa ni "changamoto ya upumuaji", na wageni wameshaanza kurudi, Warusi wengi, nami nimerudi kazini nusu siku. Kisha Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akasema wazi kwamba anaugua korona. Tarehe 17 Februari akafariki. Mama, ambaye mwaka mzima barakoa yake aliitundika msumarini, jioni ile aliniomba mbili: moja ya kuvaa, moja ya kufua.