Namtwika Mungu, halafu namtua mwenyewe

Bwana asifiwe wapendwa. Nimekaa muda mrefu bila kuandika, na sio kwamba sikuwa na cha kuandika, ni kwamba jambo nililokuwa napitia nilikuwa naona aibu kuliweka wazi, sasa leo nimeamua niseme tu maana najua kuna mtu atasoma hapa na yuko palepale nilipokuwa mimi.

Mdogo wangu anakunywa. Simaanishi anakunywa wikiendi na wenzake basi, namaanisha pombe imemshika mpaka kazi imepotea, mchumba kaondoka, na kuna asubuhi mikono inamtetemeka hawezi hata kushika kikombe. Huu ni mwaka wa nne. Mimi ndio dada mkubwa, mama yetu alishatangulia, kwa hiyo kichwani kwangu huyu ni mtoto wangu na nikizembea dakika moja anakufa.

Basi nikaanza kumlinda. Akilala namkagua mifuko, nasoma meseji zake, nikikuta chupa namwaga kwenye sinki. Enzi bado ana kazi nilikuwa napiga simu kazini kwake nasema leo anaumwa. Madeni yake nalipa kimyakimya asije akadhalilika. Usiku asiporudi napiga simu ya kwanza, ya pili, ya kumi, haipatikani, naanza kuwaamsha marafiki zake mmoja mmoja mpaka wengine wakaacha kupokea, na nikishamaliza yote hayo, saa tisa ya usiku, ndio napiga magoti sasa naomba. Na ungeniuliza kipindi kile ningekujibu bila hata kufikiri kwamba nimemkabidhi Mungu.

Siku moja nilikuwa naomba kwa sauti chumbani, nikajisikia. Yaani niliyasikia maneno yangu kama vile anaongea mtu mwingine. Nilikuwa nasema Bwana, mkutanishe na mchungaji jumamosi hii, yule rafiki yake umhamishe, muugulishe kidogo ila sio sana ili tu aogope, na ikifika mwezi wa sita awe ameacha kabisa. Nikanyamaza. Ile haikuwa sala ya mtu aliyekabidhi kitu, ilikuwa ni ratiba, nampangia Mungu na namsubiri aitekeleze, na mwezi wa sita ulipopita mwaka ule na mdogo wangu hajaacha nilimkasirikia Mungu, miezi mingi, huku jumapili naimba na kunyoosha mikono kama kawaida. Hakuna aliyejua.

Ndipo nikaurudia ule mstari ambao wengi tunaujua kwa kichwa, 1 Petro 5:7, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Nilishausoma mara ngapi sijui, ila siku hiyo nikakwama kwenye hilo neno mkimtwika. Kumtwika mtu ni nini? Ni kuuinua mzigo ukamwekea mwenzako kichwani, wewe ukabaki mikono mitupu. Mzigo mmoja haukai kwenye vichwa viwili. Na kumtua mtu ni kinyume chake, unamshusha ule mzigo aliobeba. Nikaona kumbe miaka yote hiyo mimi usiku namtwika Mungu, na kabla hakujakucha nishamtua, nimejitwisha mwenyewe, halafu kesho yake nalalamika kwamba nimechoka na Mungu hanisaidii.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukiona, ule mstari unaanza na neno "huku", maana yake sentensi haijaanzia hapo, imeanzia mstari wa 6 na pale imeandikwa nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari, ili awakweze kwa wakati wake. Kwa hiyo kumtwika Mungu fadhaa na kunyenyekea ni jambo moja, vinakwenda pamoja. Hapo niliumia maana siku zote nilidhani wasiwasi wangu ni upendo. Upendo upo, sikatai, nampenda yule kijana kuliko maelezo, ila ndani yake kulikuwa na kiburi pia, mahali fulani moyoni nilikuwa naamini mimi ndio ninayemshikilia asife. Na hilo neno "kwa wakati wake", wapendwa, mimi nilishaweka mwezi wa sita.

Sasa niseme hili maana linanikera kweli. Kuna watu ukiwaeleza shida yako wanakwambia "mwachie Mungu" ili mazungumzo yaishe. Hawajakusikiliza, hawajakaa na wewe, ni mwachie Mungu na kwaheri. Na wengine wakisikia hivyo wanadhani kusarenda, yaani kujisalimisha kwa Mungu, maana yake ukae tu usifanye kitu, hospitali usiende, ushauri usitafute, kwa sababu umeamini. Hapana jamani. Daktari alituambia mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikatisha pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo anatakiwa aachishwe chini ya uangalizi wa kitabibu. Sasa ningesema namwachia Mungu nikamfungia chumbani na maombi peke yake ningekuwa namweka ndugu yangu kwenye hatari na nikaiita imani.

Aliyenisaidia kuelewa tofauti ni mama yake Musa. Kutoka sura ya 2. Farao alikuwa ameagiza watoto wa kiume wa Waebrania wauawe, na yule mama hakumwacha mtoto hivihivi, alimficha miezi mitatu, na aliposhindwa kumficha zaidi akatafuta kisafina cha manyasi akakipaka sifa na lami, vizuri maji yasiingie, akamtia mtoto ndani, akakiweka kwenye majani kando ya mto. Kila kitu ambacho mikono yake ingeweza kufanya alikifanya. Halafu akaachia. Nawaza ile dakika vidole vinatoka kwenye kile kisafina. Mto haukuwa wake, Farao hakuwa wake, wala hakujua kama binti Farao atakuja kuoga siku hiyo na moyo wa binti huyo ukoje. Na ukiendelea kusoma unakuta dada yake mtoto amesimama mbali ili ajue kitakachompata. Amesimama mbali! Mimi ni dada, nimesoma hiyo stori tangu utotoni na sikuwahi kumwona huyu dada. Hakuingia majini kukishikilia kisafina. Alikuwa anaangalia, na nafasi ilipopatikana ya kusaidia akakimbia kumwambia binti Farao anaweza kumletea mlezi.

Kwa hiyo nikaanza kusimama mbali. Sio mbali sana. Nikamwambia mdogo wangu siku moja akiwa hajanywa, nikamwambia nakupenda, siku ukitaka kwenda hospitali hata iwe saa nane usiku nitakupeleka, chakula kipo na mlango upo wazi, lakini madeni ya pombe silipi tena na uongo kwa ajili yako sisemi tena. Hakunisemesha wiki tatu. Zile wiki tatu sitaki hata kuzikumbuka, nililia mpaka kichwa kikawa kinaniuma kila siku, na mara mbili nilishika hela mkononi nikalipe nikairudisha.

Na kukabidhi kwenyewe sio mara moja, hapo ndipo wengi tunajihukumu bure. Unasikia ushuhuda wa mtu anasema nilimkabidhi Bwana nikapata amani na ikaisha, namfurahia mtu huyo, ila kwangu haikuwa hivyo. Naachia asubuhi, mchana nimeshika tena. Kilichonipa nguvu ni Gethsemane, Mathayo 26, Bwana Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, akasema si kama nitakavyo mimi bali kama utakavyo wewe, na hakusema mara moja akainuka. Mara ya tatu imeandikwa aliomba akisema maneno yaleyale. Kama Mwana wa Mungu alirudia maneno yaleyale mara tatu usiku mmoja, mimi nikirudia mara thelathini sio kwamba nimeshindwa.

Neno gumu kuliko yote kwangu bado ni lile la Shadraka, Meshaki na Abednego kwenye Danieli 3, walipotishiwa kutupwa kwenye tanuru la moto wakajibu, Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo". Nilikaa nalo karibu mwezi mzima. Bali kama haachi je? Siwezi kukwambia nimefika, kuna siku nalisema lile neno na moyo unakataa kabisa, basi namwambia Mungu hivyohivyo, moyo umekataa leo Baba, na hilo nalo lichukue.

Mdogo wangu alikwenda hospitali, mwenyewe, mimi nilimsindikiza tu. Alikaa miezi miwili bila kunywa. Wiki iliyopita simu ikaita saa kumi na moja alfajiri, ni yeye, akasema, "Dada, jana nimekunywa." Miaka minne hajawahi kuniambia mwenyewe, siku zote mimi ndio nilikuwa nagundua. Nikamwambia asante kwa kunipigia mdogo wangu, daktari yupo kesho, ukitaka tutakwenda. Akasema sawa dada.

Alipokata nikajikuta tayari nimeshafungua majina kwenye simu, namtafuta yule rafiki yake nimuulize walikuwa wapi, walikuwa na nani, nani alilipa. Nikaiweka simu kitandani, kioo kimeangalia chini, nikapiga magoti. Baba, huyu hapa tena.