Siku moja maishani mwangu: Mtwapa, boti ya jeti na betri isiyoshiba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Kitu cha kwanza ninachoangalia nikiamka ni maji. Leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kukupwa kuliko kawaida, na bamvua ya pwani yetu ina desturi yake: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kuelekea saa nne asubuhi. Kwa hiyo boti iliyo juu ya trela hapa Mtwapa haitashuka hadi alasiri. Maji yakitoka, mteremko wetu wa kushushia boti ni matope matupu. Kila kitu cha kupimwa nchi kavu lazima kiishe kabla ya hapo.

Mimi ni fundi umeme wa boti. Nyingi ninazoshika ni boti za fiberi za wavuvi na za watalii, zenye injini ya nje. Ya leo ni ndogo ya starehe, ya watu watano, mtumba kutoka Dubai, na ni ya jeti. Injini imekaa ndani, inazungusha rafadha iliyo ndani ya mrija, inanyonya maji chini ya boti na kuyarusha nyuma. Bill Hamilton wa New Zealand ndiye aliyeifikisha mbinu hiyo mahali pa kutumika, miaka ya 1950, kwa sababu mito ya kwao ina kina kifupi. Hori letu, huu mkono wa bahari wa Mtwapa, likikupwa, utamshukuru.

Mwenye boti alinipigia jana usiku. "Fundi, hii betri ya pili. Ya kwanza nilishaitupa. Nikienda majini saa mbili tatu, nikizima tu, haiwaki tena. Nimeambiwa ni rektifaya. Niagize?"

Rektifaya ndiyo inayogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri. Nikamwambia asiagize kitu mpaka tupime.

Saa mbili

Mahamri na mbaazi, chai ya tangawizi. Katikati ya chai nikaitwa kwenye jeti-ski ya jirani isiyowaka. Nati ya betri imelegea. Spana namba kumi, grisi kidogo, nikarudi kwenye chai ingali moto.

Saa tatu

Tunafungua kifuniko cha injini, mimi na kijana wangu wa kazi. Kabla ya kugusa waya wowote ninanusa. Boti ya petroli yenye injini ndani si mchezo: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ngamani, tumboni mwa boti, na cheche moja inatosha. Kuna feni ya kufukuza mvuke huo, na kanuni ya kawaida ni kuiacha izunguke dakika nne kabla ya kuwasha injini. Mwenye boti ananiambia kwenye simu huwa haiwashi kwa sababu "inakula betri". Haya.

Mita ya umeme kwenye betri, kila kitu kimezimwa: volti 11.8. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Kwenye 11.8 umeshafika chini kabisa, na ikiachwa hivyo siku nyingi inashika salfeti kwenye sahani zake, haishiki tena chaji vizuri. Ndivyo betri mpya zinavyouawa na kosa ambalo si lao.

Nikaitoa, nikaiweka kwenye chaja kwa ampea tatu, kwa kuwa ni betri ya Ah 30 (ampea-saa). Mahali pake nikafunga betri ya karakana iliyojaa. Ukipima chaji ya injini huku betri yenyewe imekufa, namba zote zitakudanganya.

Saa nne

Aliyewahi kufungua bodaboda anaijua tayari mashine hii. Sumaku zimebandikwa ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, zinazunguka juu ya koili, koili zinatoa umeme wa AC, wa kwenda na kurudi, kwa nyaya tatu za manjano. Rektifaya inaugeuza kuwa DC, wa njia moja, na kuuzuia usipite kiasi, kisha waya mmoja mwekundu unaupeleka kwenye betri kupitia fyuzi. Hakuna mkanda wala alteneta kama ya gari.

Tukaunga mpira wa maji. Hapa nilimrudishia kijana somo, kwa sababu ni somo la pesa: unawasha injini kwanza, halafu ndipo unafungua maji. Kuzima ni kinyume, unafunga maji kwanza, halafu injini. Maji yakiwa wazi na injini imezimwa, hakuna moshi wa kuyasukuma nje ya egzosi, yanarudi mpaka ndani ya silinda. Na usiiache ikinguruma muda mrefu juu ya trela. Seali ya shafti inapozwa na maji ya bahari, ikikauka inaungua. Dakika moja na nusu, tunazima, inapumzika, tunarudia.

Injini inawaka, mwendo wa chini: 12.6 kwenye betri. Raundi 3000 kwa dakika: 12.6 vilevile. Ingepaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kwa hiyo malalamiko ya mwenyewe ni ya kweli, chaji haifiki. Swali ni inakwama wapi.

Saa nne na nusu

Watu wengi hapa wangeagiza rektifaya sasa hivi. Ni kitu cha bei, kinatoka nje, na ukishakifunga na tatizo likabaki, hakuna duka litakalokirudisha. Mimi huanzia kwenye koili.

Nikachomoa soketi ya nyaya za manjano. Injini imezimwa, upinzani kati ya kila jozi: chini ya omu moja, zote tatu sawa. Kati ya waya wowote na bodi ya injini: hakuna mawasiliano kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha injini ikiwashwa, mita kwenye AC: volti 18 hivi mwendo wa chini, zaidi ya 40 kwenye raundi 3000. Namba yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini. Ninachotafuta ni jozi zote tatu zilingane na zipande pamoja. Zimelingana. Koili nzima.

Nikarudisha soketi, nikaenda kwenye rektifaya yenyewe, nikachomeka ncha ya mita nyuma ya soketi pale waya mwekundu unapotoka. Kijana akapandisha raundi.

14.4.

"Fundi, si imepona?" akauliza.

Haikuwa mgonjwa. Rektifaya inatoa 14.4, betri inapokea 12.6. Volti 1.8 zinapotelea njiani. Na ubaya wake ni kwamba rektifaya ya aina hii inajipimia volti pale pale inapotokea. Inaona 14.4, inahesabu kwamba betri imeshiba, inapunguza mkono. Hakuna taa ya hitilafu inayowaka, hakuna harufu, injini inakwenda vizuri mpaka siku utakapoizima katikati ya hori.

Saa sita kasorobo

Sasa ni kufuata waya. Namna rahisi kuliko zote ni kuweka mita kwenye volti za DC, ncha moja mwanzo wa njia, ncha nyingine mwisho wake, injini ikiwa inafanya kazi. Njia nzuri itasoma karibu na sufuri, ikizidi 0.2 au 0.3 mimi hutafuta sababu. Upande wa chini, kutoka bodi ya rektifaya hadi hasi ya betri: 0.15. Sawa. Upande wa juu, kutoka waya mwekundu hadi chanya ya betri: 1.65.

Nikaigawa njia katikati. Kutoka rektifaya hadi kisanduku cha fyuzi, hakuna kitu. Kupita fyuzi, zote zimo humo.

Nikakichomoa. Nyumba ya fyuzi ilikuwa ya plastiki nyeusi, lakini upande mmoja umegeuka kahawia na kujikunja. Fyuzi yenyewe nzima. Mguu wake wa kushoto unang'aa, wa kulia umeota unga wa kijani na samawati, na kile kibanio cha shaba kinachoushika kimelegea hata fyuzi inatoka kwa kucha. Nyuma yake mtu alikata waya wa asili, akaunga kipande cha waya wa nyumbani kwa kuusokota, akauzungushia tepu nyeusi. Chini ya tepu mlikuwa na maji ya chumvi.

Kijana akaweka mita kwenye mlio. Ikalia vizuri tu, piii. Hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Kipimo cha mlio kinapitisha umeme kidogo mno, na uzi mmoja wa shaba unatosha kukifurahisha. Mpe uzi huohuo ampea nane uone. Volti 1.65 mara ampea 8 ni wati 13 zinazogeuka kuwa joto ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Plastiki ilikuwa inapikwa.

Saa saba

Swala, kisha wali wa nazi na kipande cha changu, kisha mkasi. Nilikata waya wa asili kidogo kidogo nikirudi nyuma, maana chumvi hupanda ndani ya ganda, unakuta shaba nyeusi mbali na pale ilipoanzia. Nilipofika kwenye shaba inayong'aa nikasimama. Waya mpya wa milimita 6 za mraba, nyuzi zake zimepakwa bati. Terminali za kubana kwa koleo lake maalumu, mrija unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani, na nyumba ya fyuzi yenye kifuniko na raba. Fyuzi ya namba ileile iliyoandikwa na kiwanda. Nimeshakuta boti ina fyuzi iliyofungwa karatasi ya sigara, na mwenyewe akijisifu kwamba haikatiki siku hizi.

Mpira wa maji tena. Kwenye betri, raundi 3000: 14.3.

Saa tisa

Ningeweza kufunga kifuniko hapo na kudai changu. Lakini mwenyewe alisema kitu kingine jana: wakati mwingine boti ikilala gatini siku mbili, haiwaki hata kabla ya safari. Chaji haihusiki na hilo.

Nikatoa waya hasi, nikaweka mita katikati yake na betri kwenye tundu la ampea kumi. Ufunguo umetolewa, kila kitu kimezimwa. Ampea 0.6. Piga hesabu: saa 24 ni Ah 14.4, karibu nusu ya betri ya 30. Siku mbili, kwisha.

Kijana akachomoa fyuzi moja moja mimi nikitazama mita. Ya pampu ya ngama, hakuna mabadiliko. Ya taa, hakuna. Ya amplifaya ya muziki, ikaanguka hadi 0.02. Amplifaya imeungwa moja kwa moja kwenye betri, na waya wake wa kuiamsha umeungwa hapohapo pia, haujui ufunguo. Inakesha. Na kwa jinsi tepu ilivyozungushwa, aliyeifunga ni huyohuyo wa kwenye fyuzi.

Nikahamisha waya wa kuamsha ukafuata ufunguo. Kazi ya dakika ishirini, kumi na tano kati yake nikiwa nimelala kifudifudi.

Saa kumi alasiri

Maji yamejaa, na mwenye boti amefika na watoto wawili waliokwisha kuvaa jaketi za kuokolea. Feni dakika nne, safari hii yeye mwenyewe akihesabu kwenye simu. Tukashusha.

Kamba ya nyuma niliishika mkononi mpaka tulipotoka. Jeti hunyonya chochote kilicho chini yake: kamba, majani, mifuko. Tukapanda hori kuelekea juu, mita imefungwa kwenye betri, waya zake zimetokezwa mpaka kitini. Mwendo wa kati, 14.2. Mwendo wa kasi, 14.3.

Kisha nikamwomba afanye anavyofanya Jumapili. Akapunguza mwendo mpaka chini, akawasha muziki, taa, na pampu. 12.7.

"Sasa hapo mbona imeshuka?"

"Hapo mzee ndipo nguvu yake inapoishia. Koili zinatoa umeme kwa mzunguko. Ukielea polepole na muziki juu, unakula kuliko unachovuna, unachovya kwenye betri. Saa nzima hivyo, kisha ukazima, usinilaumu."

Hakupenda. Alitaka kusikia kwamba nimetengeneza, basi. Nikampa njia mbili: apandishe raundi kila baada ya muda, au tuongeze betri ya pili ya muziki peke yake, na swichi ya kuitenga ile ya kuwashia injini. Akasema ataongea na mkewe kuhusu betri.

Saa kumi na mbili kasorobo

Boti imerudi gatini, tumeisafisha kwa maji baridi. Betri yake, iliyokuwa kwenye chaja kutwa nzima, ikapumzika kidogo na kusoma 12.74, kisha nikaipima kwa mzigo, ikastahimili. Haijafa. Tukairudisha mahali pake. Akauliza ile aliyoitupa je, nayo ilikuwa nzima? Huenda. Nikabadilisha mazungumzo yakawa ya bili.

Vifaa ni bei ndogo: waya, terminali, nyumba ya fyuzi. Kubwa ni muda, na muda mwingi ulikuwa wa kupima, ndipo alipoanza kupunguza: "Fundi, lakini umebadilisha fyuzi tu." Nikamtajia bei ya rektifaya aliyotaka kuagiza. Akatoa simu, akatuma.

Namba 12.74 nimemwandikia kwenye kipande cha tepu juu ya betri, na mita yangu ya zamani nimemwachia. Kesho asubuhi apime kabla hajagusa ufunguo. Ikisoma chini ya 12.6 anipigie mapema, maana maji kesho yatachelewa kidogo kujaa, na nina fiberi ya mvuvi inayonisubiri ng'ambo ya daraja.