Hela ya intanshipu iingie kabla hujapanda basi

Wiki iliyopita usiku nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja, sio wa damu, ni binti yuko mwaka wa pili chuo kimoja huku Marekani na tulijuana kupitia dada yake. Akaandika "dada nimepata!!" halafu kama dakika tano zikapita kimya, ikaja nyingine, "ila hawalipi."

Nikamuuliza chuo chenu hakina mfuko wa kuwapa posho wanaoenda intanshipu zisizolipa, yaani kujifunza kazi kwa muda bila mshahara? Akasema upo, ameomba, na wamempa, dola 4,500 kwa wiki kumi. Sasa shida iko wapi mama? Akanipigia picha barua yenyewe akanitumia, nikasoma juu mpaka chini, hongera nyingi, tunajivunia, na kwenye aya ya mwisho kabisa ndo pameandikwa kwamba malipo yatafanyika ndani ya wiki sita baada ya mwanafunzi kuanza kazi na kurudisha fomu iliyosainiwa na msimamizi. Nilivyofika hapo nikaweka simu chini. Hiyo sentensi naijua vizuri sana, kiangazi changu kimoja kizima kiliisha kwa ajili yake.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nikapata nafasi Washington kwenye shirika dogo linasaidia wakimbizi na makaratasi yao, watu sita kwenye ofisi ya vyumba viwili, kazi niliyokuwa naitaka kuliko kitu chochote. Chuo kikanipa dola 4,000. Nilishangilia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Halafu mwezi wa tano ukafika, mwenye nyumba niliyepata kwake chumba cha kushea akataka kodi ya mwezi wa kwanza dola 1,100 na dipoziti nyingine 1,100, jumla 2,200, na anazitaka kabla ya kunipa funguo, na ana haki yake kabisa, nyumba ni yake. Kwenye akaunti nilikuwa na dola 340 na hapo nauli ya basi bado sijalipa. Nikaenda kwenye ofisi inayotoa hela nikawaambia hali halisi, dada wa mapokezi alikuwa mpole sana, akanionyesha kwenye kompyuta kwamba jina langu lipo na hela imeidhinishwa, akageuza na skrini nione mwenyewe, 4,000 pale imekaa, ila mfumo hautoi mpaka nianze kazi. Nianze kazi nikiwa nalala wapi? Hakuwa na jibu, na kusema kweli sio yeye aliyepanga hivyo.

Rumeti wangu ndo alinikopesha, yaani wazazi wake. Waliweka 2,200 kwenye akaunti yangu siku hiyo hiyo bila kuniuliza maswali, na mpaka leo nikiongea na mama yule namshukuru upya. Lakini fikiria hapo kitu kilichotokea. Ule mfuko uliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hawawezi kumtumia hela ya kiangazi, na ili niutumie ikabidi nimpate mtu ambaye kwao wanaweza. Aliyekuwa hana rumeti kama wangu aliishia wapi? Mmoja namjua, alikuwa kwenye orodha ile ile ya waliopewa, aliandika barua ya kuachia nafasi akabaki chuoni kiangazi chote anapanga vitabu maktaba.

Hela yangu ilikuja wiki ya nne. Na haikuja 4,000, ilikuja 3,440. Hapa wanafunzi wa kigeni nisikilizeni kidogo maana hili hakuna anayekwambia mapema. Posho ya intanshipu hailipi ada wala vitabu, inalipa kula na kulala, kwa hiyo serikali ya Marekani inaihesabu kama kipato cha kukatwa kodi, na ukiwa na visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, na bado unahesabika kikodi kuwa si mkazi, chuo kinatakiwa kukata asilimia 14 hapo hapo kabla hujaiona, labda nchi yako iwe na mkataba wa kodi na Marekani unaokuokoa. Wenzangu Wamarekani wao hawakatwi mwanzoni, wanapata yote, ila wanatakiwa waitangaze wenyewe wakijaza fomu za kodi mwaka unaofuata na wengi hawajui. Na kama kazi yenyewe unaifanyia nje ya Marekani basi kwa mgeni hiyo posho kwa kawaida haihesabiki kama kipato cha Marekani, makato hayapo, sasa uliza ofisi ya malipo waandike hivyo tangu mwanzo kwa sababu ikishakatwa kuirudisha ni mpaka ujaze ritani ya kodi mwaka unaofuata.

Basi nikapiga hesabu nikiwa kwenye treni, kodi ya nyumba ya wiki kumi ni kama 2,750, nikitoa kwenye 3,440 inabaki 690, gawa kwa kumi, dola 69 kwa wiki kula na nauli ya treni na simu na kila kitu. Wenzangu wawili pale ofisini wakitoka saa kumi na moja walikuwa wanaenda kuhudumu mgahawani mpaka usiku, wanachoka lakini wanaishi. Mimi F-1 hainiruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na kile kibali nilichokuwa nacho, CPT, kibali cha kufanya kazi inayohusiana na masomo, kilikuwa cha lile shirika tu, jina la mwajiri limeandikwa kabisa kwenye karatasi. Kwa hiyo zile 69 ndo zilikuwa mwanzo na mwisho.

Kuna watu wataniuliza sasa mbona ulikubali kufanya kazi bure, si ungetafuta inayolipa. Inategemea unasomea nini. Anayesomea kompyuta au fedha analipwa kiangazi na wengine wanalipwa vizuri mno. Anayetaka haki za binadamu, makumbusho, uandishi wa habari, afya ya jamii, siasa, huko ndo bure imejaa, na sheria inaruhusu. Sheria ya mishahara ya Marekani ni ya mwaka 1938, halafu 1947 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba vijana waliokuwa wanafundishwa kazi ya breki kwenye reli kwa wiki moja hivi hawakuwa waajiriwa, na tangu hapo huo mlango ukawa haufungiki. Kampuni za biashara zilibanwa kidogo, kuna vijana waliofanya kazi bure kwenye utengenezaji wa filamu wakashtaki, 2013 wakashinda, 2015 mahakama ya rufaa New York ikasema tuangalie kwanza nani ananufaika zaidi, mwanafunzi au kampuni, na 2018 Wizara ya Kazi ikakichukua hicho kipimo na mambo yake saba. Mashirika yasiyo ya faida na ofisi za serikali hata huko hayafiki, wao wanaruhusiwa kupokea watu wa kujitolea. Ikulu ya Marekani yenyewe ilianza kuwalipa vijana wake wa intanshipu vuli ya 2022! Bunge lilitenga hela ya kuwalipa wa kwao 2018. Miaka yote ya nyuma, nani aliweza kuishi Washington kiangazi kizima bila mshahara?

Na kulipwa huku unajifunza sio wazo la juzi. Chuo Kikuu cha Cincinnati kilianza mwaka 1906 na wanafunzi 27 wa uhandisi, Herman Schneider ndo alikuwa mwenye wazo, wanakaa darasani kwa zamu halafu wanaenda kiwandani na kiwanda kinawalipa. Chuo cha Northeastern wakafuata 1909. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia watu wanajua inawezekana, ila ilishika kwenye mashine na haikushika kwenye makumbusho.

Vyuo ndo vimekuja kuziba hilo pengo na nawasifu, kwa moyo kabisa. Kuna shule za sheria wanafunzi wenyewe wanafanya mnada kila mwaka, chakula cha jioni na profesa, wikiendi kwenye nyumba ya mtu ziwani, hela inayopatikana inawalipa wenzao wanaoenda kufanya kazi za kutetea wanyonge kiangazi. Chuo cha Smith kule Massachusetts wana mpango unaitwa Praxis, kila mwanafunzi ana haki ya kupewa posho mara moja kwa intanshipu isiyolipa, na jirani yao Mount Holyoke wana wa kwao unaitwa Lynk wenye ahadi ya aina hiyo hiyo. Mimi hiyo naipenda kuliko ile ya kushindana kwa insha. Ukijua tangu mwaka wa kwanza kwamba hela yako ipo, unaenda kutafuta nafasi ukiwa na ujasiri, unapiga simu kwenye shirika unasema chuo kitanigharamia. Ukiwa unashindania hela na nafasi kwa wakati mmoja inakuwa mwezi wa tatu shirika linataka jibu kufikia Ijumaa, chuo kinatangaza majina mwezi wa nne katikati, na wewe uko hapo katikati unaandika imeili za kuomba wakusubiri.

Halafu kuna ile fomu ya bajeti. Hii ndo inaniuma zaidi pengine kuliko hata kuchelewa. Naikumbuka yangu, safu mbili, gharama na makadirio, na mimi usiku ule nikiwa kwenye chumba cha kufulia nguo cha bweni nasubiri mashine iishe nikawa najaza kwa woga. Chakula niliandika dola 30 kwa wiki. Nauli ya kwenda na kurudi niliandika ya basi ingawa ni saa nyingi. Nguo za ofisini sikuandika kitu, nikaona aibu, nikasema wasije wakaniona nina tamaa wakampa mwingine. Miaka miwili baadaye nikaja kukaa kwenye kamati ya kusoma hizo fomu kama mwanafunzi mwakilishi, tulikuwa na rundo la kama sitini, na nikaona kitu nikanyamaza kwa muda. Wale ambao kwao mambo ni mazuri wameandika kila kitu, tena kwa utulivu, viatu, bima, laptopu mpya, teksi za siku ya kuhama, jumla 6,800. Wale wa hali ngumu ndo wameandika kama nilivyoandika mimi, 2,400, 2,100, mmoja 1,650 kwa wiki kumi kwenye jiji kubwa. Na kamati ilikuwa inatoa kulingana na ulichoomba! Nilisema pale mezani kwamba jamani huyu wa 1,650 sio kwamba hahitaji, huyu amezoea kujinyima, na namshukuru mwenyekiti alinisikiliza, mwaka uliofuata wakaacha bajeti wakaweka kiwango kimoja kwa kila jiji.

Kuna na mkato mwingine umejificha kwenye barua ya ufadhili. Vyuo vingi binafsi vinahesabu kwamba mwanafunzi atafanya kazi likizo aje na mchango wake mwezi wa nane, yangu ilikuwa dola 1,800. Yaani ofisi moja imenipa hela nikafanye kazi isiyolipa na ofisi nyingine ya chuo hicho hicho ghorofa ya chini inasubiri nilete nilichoweka akiba kwenye kazi hiyo. Kuna vyuo vinaufuta huo mchango ukiwaeleza, lakini mpaka uombe, mimi sikuomba kwa sababu sikujua kama unaombwa, nikalipa kwa kufanya kazi masaa mengi maktaba muhula wote wa vuli na alama zangu za muhula ule zinaonyesha.

Kwa hiyo yule binti nilimpigia, tukakaa kwenye simu saa nzima na nusu. Nikamwambia kwanza usiachie nafasi. Pili kesho asubuhi waandikie imeili, usiende kwa mdomo, andika kwamba dipoziti na kodi ni kiasi fulani na mwenye nyumba anazitaka tarehe fulani, weka na picha ya mkataba, waombe watoe nusu kabla ya kuanza au wakupe mkopo wa dharura wa chuo usio na riba ambao watajikata wenyewe posho ikitoka, ofisi ya mkuu wa wanafunzi mara nyingi inao ila haitangazwi. Waulize posho itakatwa kodi kiasi gani. Waulize ule mchango wa kiangazi unafutwaje. Na CPT aianze leo, kwa sababu haruhusiwi kuanza kazi hata siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye I-20 yake, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, hata kama hawamlipi ofisi yao ya wanafunzi wa kigeni inataka hivyo.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "dada hawataona nasumbua?" Nikamwambia hiyo hela wamekupa, ni ya kwako, unachoomba ni tarehe tu.

Na nyie mnaofanya kazi kwenye hizo ofisi, najua baadhi yenu mnasoma hapa, naomba mbadilishe hiyo sentensi ya mwisho kwenye barua. Kama mnaogopa mtu atachukua hela asiende, mwambieni alete barua ya shirika inayosema tumempokea na tarehe ya kuanza, hiyo si inapatikana mwezi wa nne? Toeni robo tatu mwezi wa tano, robo ibaki mpaka amalize na kuandika ripoti yake. Jumla ni ile ile, hakuna hata dola moja inayoongezeka kwenye bajeti yenu.

Imeili ameituma Jumatatu saa tatu asubuhi, amenitumia nakala, imekaa vizuri sana, aya tatu fupi na picha ya mkataba. Mpaka naandika hapa hawajamjibu. Mwenye nyumba amempa mpaka tarehe 15.