Siku tatu kandoni mwa mfereji wa Kennet na Avon

Mjomba wangu amekuwa akiziba pancha Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, chini ya mwembe, beseni la maji mbele yake. Alipokuja kunitembelea Reading, Uingereza, mwanzoni mwa Septemba, nilimwazimia baiskeli kwa jirani: Raleigh ya zamani, nyeusi, ya zile zenye breki za vyuma virefu badala ya waya. Hakuipanda mara moja. Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya nembo iliyo chini ya usukani, ile ya kichwa cha korongo.

"Ya marehemu baba ilikuwa hii hii, mwanangu."

Babu aliiendesha kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Nilimweleza mjomba kwamba baiskeli hizo zilianza kutengenezwa Nottingham, katika mtaa uitwao Raleigh, na ndiko jina lilikotoka. Amezifungua na kuzifunga maisha yake yote, na hilo hakuwahi kulisikia.

Tukapakia baiskeli kwenye treni hadi Bath, mwendo wa kama saa moja, ili turudi nyumbani tukipiga pedali kando ya mfereji wa Kennet na Avon. Ni zaidi ya kilomita 120, nasi tulijipa siku tatu. Kijana mwenye pumzi huimaliza njia hii kwa siku moja, lakini mimi simshauri mtu afanye hivyo. Hapo kandoni mwa maji walikuwa wakipita farasi waliovuta mashua kwa kamba, na hadi leo njia ina kipimo cha farasi: nyembamba, tambarare, inapinda kila mfereji unapopinda. Ukikimbia utawagonga watembeao na mbwa wao, na utapitwa na yote uliyoyafuata.

Si mbali na Bath, pale Dundas, mfereji unavuka bonde juu ya daraja la mawe. Mashua inapita hewani, chini yake mto Avon na reli. Mhandisi wake ni John Rennie, na daraja lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1800. La pili liko Avoncliff. Hilo lilibonyea katikati muda mfupi tu baada ya kujengwa, na ukisimama pembeni unaona wazi jinsi mgongo wake ulivyolegea. Mjomba alikaa akilitazama hadi chai ya chupa ikapoa.

Tulipoipita Bradford on Avon nikasikia tairi langu la nyuma likipumua. Wakulima wa hapa hawaruhusiwi kukata ua wa mashamba yao kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti, kwa ajili ya ndege wenye viota. Septemba ikiingia trekta zinatoka, na vipande vya miiba vinatapakaa njiani. Mjomba aliigeuza baiskeli juu chini, usukani na kiti vikakaa kwenye nyasi. Mama mmoja aliyekuwa amefunga mashua yake hapo ukingoni akauliza kama tunahitaji msaada. Nikatafsiri ombi la mjomba: vijiko viwili, na beseni la maji.

Akatuletea beseni la kuoshea vyombo. Mjomba aling'oa tairi kwa mipini ya vijiko, akajaza tyubu upepo, akaizungusha ndani ya maji polepole, inchi baada ya inchi, mpaka mapovu madogo yakaanza kupanda kwa mstari. Akaweka kidole hapo, akakausha, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni. Kisha akakaa.

"Gundi ikiwa mbichi kiraka hakishiki," alisema. "Tungoje."

Basi tukangoja, tukichuma matunda meusi ya porini yaliyojaa kwenye ua, matamu yenye ukali kidogo kama zambarau. Yule mama alitueleza kwamba anaishi humo mashuani mwaka mzima, kuni juu ya paa na vyungu vya maua mbele. Hana gati lake mwenyewe, kwa hiyo haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Akasema pia kwamba wazee wao walikuwa hawayali matunda hayo baada ya tarehe 29 Septemba, kwani shetani huyatemea mate. Mjomba alihesabu siku kwa vidole, akaona bado zipo nyingi, akasema bismillah na kuendelea kula.

Jioni tulifika Caen Hill, na hapa nataka kusimama kidogo. Maji hayapandi kilima, lakini Waingereza waliyapandisha. Chini ya mji wa Devizes wamejenga vyumba 29 vya matofali kwa mfuatano, na 16 kati yake vimepangana wima kama ngazi mbele ya macho yako. Mashua inaingia chumbani, milango ya mbao inafungwa nyuma yake, maji yanafunguliwa kutoka juu, chumba kinajaa, mashua inapanda nayo, kisha milango ya mbele inafunguliwa kuelekea chumba kinachofuata. Mita 72 kwa jumla. Sisi tuliukwea mlima kwa dakika chache tukihema; mashua huchukua saa tano au sita.

Mume na mke waliokuwa wakipandisha mashua yao walimruhusu mjomba awasaidie. Mlango unasukumwa kwa gogo refu, unaliegemea kwa kiuno na kurudi kinyumenyume. Alisukuma, haukutikisika. Yule bwana akamwonyesha maji: upande mmoja yalikuwa bado yamezidi kwa kiasi cha kiganja. Yalipolingana, gogo lilikwenda kwa uzito wa mwili tu. Mjomba alirudi kwangu uso umeng'aa.

Mfereji wenyewe ulifunguliwa mwaka 1810. Reli ya London hadi Bristol ilipokamilika mwaka 1841, mizigo ikauhama. Kufikia miaka ya 1950 sehemu kubwa ilikuwa tope na matete. Waliouokoa ni watu wa kujitolea, waliochimba kwa miaka mingi mpaka Malkia Elizabeth wa Pili akaja kuufungua tena hapa hapa Caen Hill mwaka 1990. Nawashukuru kila nipitapo.

Siku ya pili ilikuwa ya bonde la Pewsey: mashamba yaliyovunwa, kengele ya kanisa mahali fulani, na farasi mweupe aliyechorwa kilimani mwaka 1812 kwa kuondoa nyasi ili chokaa ya ardhini ionekane. Langoni mwa shamba moja palikuwa na trei la mayai na kikopo cha kutilia pesa, bila muuzaji. Mjomba alihesabu sarafu mara mbili kabla ya kuzidondosha. Huko Crofton tuliona jengo la mtambo wa mvuke, nao ni wa 1812, uliowekwa kupandisha maji kwenye kilele cha mfereji. Bado unaweza kufanya kazi hiyo, ila tulipopita haukuwa umewashwa. Adhuhuri tuliiswali kwenye nyasi, karibu na maji.

Siku ya tatu ilikuwa manyunyu tangu Hungerford hadi Newbury, na sina mengi ya kuisemea, isipokuwa korongo. Alikuwa amesimama ukingoni, wa kijivu, shingo imekunjwa, hatua kumi mbele yetu. Mjomba alishuka. Akatazama nembo ya baiskeli, akamtazama ndege, akatazama nembo tena. Tulisimama mvuani mpaka korongo alipodonoa majini na kuruka na samaki wake.

Tulifika Reading giza likiingia. Nikaingia kuchemsha chai, nikamkuta mjomba bado nje, amechuchumaa, anafuta tope kwenye cheni kwa kitambaa. Alipomaliza ya kwake akaishika yangu, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba.

"Upepo haujapungua," akasema, na kunawa mikono.