Ziara ya majengo Kampala: ya kwanza ilinishinda, ya pili watu walikataa kwenda nyumbani

Watu watatu tofauti, wote wamesoma kunizidi, waliniambia kwamba ziara ya majengo lazima ianze na jengo kubwa kuliko yote, halafu ipite sehemu nyingi iwezekanavyo ili watu waone pesa yao imefanya kazi. Nikawasikiliza. Ndo maana ziara yangu ya kwanza ilikufa kabla ya saa nane mchana, na mpaka leo nikisikia mtu anampa mwenzake ushauri ule ule nakasirika.

Wazo lenyewe nililipata mbali. Kuna shirika linaitwa Docomomo, lilianzia Uholanzi 1988, kazi yake ni kutetea majengo ya modanizimu, yale ya zege na kioo ya karne ya 20 ambayo watu wengi wanayaona ya kizamani tu, wanasubiri yabomolewe. Tawi lao la Marekani huwa na siku ya ziara kila mwaka mwezi wa kumi, miji mingi kwa pamoja, na watu wa kawaida, si maakitekti peke yao, wanapelekwa ndani ya majengo na kuelezwa. London nao tangu 1992 wanafungua milango ya majengo mwezi wa tisa, unaingia bure. Nikakaa nikafikiria, sisi Kampala tunakosa nini? Majengo tunayo, na watu wa kuyapenda wapo, ila hakuna aliyewaita.

Mimi nimekulia Nsambya, kwenye nyumba za reli, baba alikuwa wa reli, kwa hiyo Kiswahili ndo lugha ya nyumbani kwetu mpaka leo. Nikasema ziara itakuwa kwa Kiswahili. Hapo pia nilipingwa sana, eti Kampala nani atakuja kusikiliza Kiswahili, hiyo ni lugha ya wanajeshi. Banange! Wakongomani hawapo Kampala? Wanafunzi wa Tanzania na Kenya hawapo? Wazee wa reli, watu wa Bombo, watoto waliozaliwa kambini, hao wote hawapo?

Lakini sababu kubwa ni nyingine, na hii naisema wazi. Kwenye 2010 na 2011 kulikuwa na mpango wa kubomoa Makumbusho ya Uganda pale Kitante ili pajengwe mnara wa biashara wa ghorofa 60. Kuna wanaharakati walienda mahakamani kuupinga, na makumbusho yamesimama hadi leo. Mimi nilisoma habari ile kwenye gazeti nikalikunja nikaendelea na chai. 2011 hiyo hiyo watu wa nyumba za Nakawa na Naguru wakafukuzwa, nyumba zikaangushwa, na pale nilikuwa na marafiki wa utotoni. Leo ukitaka kumwonyesha mtoto Naguru ile huna cha kumwonyesha. Hicho kitu kimenikaa moyoni.

Sasa ziara ya kwanza. Nilipanga sehemu kumi! Nikakodi kosta, laki nne na kitu hivi, mafuta juu yangu, watu ishirini na sita, kila mmoja alichanga kidogo. Tukaanza saa tatu asubuhi mbele ya jengo moja la serikali, jengo zuri kweli, na mimi nimeshajiandaa na maelezo yangu ya kurasa nane. Sijamaliza hata ukurasa wa kwanza askari wakaja. Nani kawaruhusu, mnapiga picha za nini, huyu mwenye kamera ni raia wa wapi. Dada mmoja wa Bukavu akafutishwa picha zote kwenye simu, hadi za mtoto wake za asubuhi ile, na mimi nimesimama tu na makaratasi yangu mkononi. Tulipoteza saa nzima na dakika. Kutoka hapo tukaingia kwenye jamu, jamu ya Kampala mnaijua, gari limesimama joto limejaa watu wamenyamaza, mvua nayo ikashuka, basi jengo la pili tukalionea dirishani na la tatu tukalipita tu nikinyoosha kidole kama kondakta. Saa saba watu wameanza kushuka mmoja mmoja, huyu anasema ana harusi, huyu anasema mtoto anaumwa. Namugongo, kwenye kanisa la mahujaji, ilikuwa ya kumi kwenye orodha. Hatukuiona.

Usiku ule nilipiga hesabu ya pesa nikaiacha, ila swali moja sikuweza kuliacha: katika siku nzima, ni nani aliyegusa ukuta hata mmoja? Hakuna.

Kwa hiyo ya pili niligeuza kila kitu. Sehemu tatu tu: makumbusho asubuhi, National Theatre mchana, na Sanamu ya Uhuru kwa miguu jioni. Kamunye moja, yaani matatu ya watu kumi na nne, badala ya kosta. Barua nilipeleka kwa mkono wiki tatu kabla, imepigwa muhuri. Hapa kwetu barua bila muhuri ni karatasi tu, na ujumbe wa simu usiutegemee kabisa, mwenye kuusoma siku hiyo atakuwa likizo.

Na ule ujanja wangu sasa. Makumbusho yale yalichorwa na Ernst May, yakafunguliwa 1954. Huyu ni Mjerumani aliyejenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt miaka ya ishirini, na ndo kwenye mradi wake ile jikoni ya Frankfurt ilizaliwa, jikoni ndogo yenye makabati ya ukutani ambayo leo kila fundi wa Kampala anakuuzia kama kitu kipya. Akaenda Urusi ya Kisovieti, na Wanazi walipochukua nchi yake hakurudi, 1934 akaja Tanganyika akalima upande wa Arusha, baadaye akarudia kazi yake ya kuchora, Oceanic Hotel ya Mombasa ni yake, na mpango wa kupanua Kampala upande wa Kololo na Naguru ni yeye. Haya yote ningeweza kuyasoma kutoka kwenye karatasi watu wakasinzia. Sikusoma. Nilichukua fimbo ya ufagio, nikafunga kwenye ncha yake kipande cha karatasi ya chooni, ile nyepesi kabisa ya safu moja, urefu kama wa mkono, na nikampa mtoto wa miaka tisa aliyekuja na bibi yake.

Nikamwambia, tembea nayo polepole, isogeze kwenye matundu ya hewa, sote tutaangalia karatasi, wewe usiseme kitu. Nje kulikuwa na joto la kuchoma, ndani hakuna feni wala eyakondishena inayolia. Mtoto akatembea. Katikati ya chumba karatasi imelala tu. Akaisogeza ukutani, akainyanyua juu, ikaanza kutetemeka, halafu ikainuka yenyewe na kuelekea upande mmoja kama kuna mtu anaivuta kwa uzi. Watu wakanyamaza. Mzee mmoja wa reli, amestaafu siku nyingi, akaniambia, "Mwanangu, huyu Mjerumani alijua upepo wa hapa." Nikamjibu, "Ndiyo mzee, alikaa kwetu miaka mingi akiutazama." Kuanzia hapo maswali hayakuisha: mwanga unaingia juu kwa nini, mbona jua halipigi vitu vilivyowekwa, mbona paa limetokeza hivi. Ndo nikapata nafasi ya kuwaeleza kwamba mchoraji wa nchi ya joto lazima afanye kazi na jua na upepo, na kwamba siku hizi tunajenga maboksi ya kioo halafu tunalipa umeme kuyapoza. Nikawaambia pia kuhusu Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho wakati ule, ndo maana ngoma na vinanda vina nafasi kubwa hivi ndani. Yule mtoto hakuiachia fimbo hadi jioni.

Kama unataka kujaribu hii, karatasi nzito haifai, nilishajaribu na gazeti, halisogei. Na omba ruhusa ya mlinzi kabla, mwonyeshe fimbo yako, usiinyanyue karibu na vioo vya maonyesho.

Chakula tulikula pale pale kwenye gari, rolex za moto, yaani chapati iliyokunjwa na mayai ndani, kutoka kwa kijana wa barabarani, mbili mbili. Msipeleke watu hotelini katikati ya ziara, wakishakaa kwenye viti laini mmewapoteza.

National Theatre ilifunguliwa mwezi wa 12 mwaka 1959, wachoraji ni Peatfield na Bodgener, hao hao waliochora bunge letu. Ule ukuta wa mbele wa zege yenye matundu kila mtu wa Kampala ameupita mara elfu, ila ni wangapi wamesimama nyuma yake? Hapa sikuongea kabisa. Nilikuwa nimemtafuta mama mmoja wa Nsambya aliyecheza ngoma pale akiwa msichana wa shule, miaka ya sitini, sasa goti linamsumbua, tulimshusha kwenye kamunye watu wawili. Alienda moja kwa moja kwenye ule ukuta, akaweka kiganja kwenye tundu moja, akakiacha hapo. Mwanga ulikuwa unapita kati ya vidole vyake, unaangukia kwenye gauni. Akasema, "Hapa ndo tulikuwa tunachungulia kama wazazi wetu wamefika." Akatuonyesha walikosimama, nani alilia, mwalimu gani aliwapanga mstari. Akaimba kidogo. Dada yule wa Bukavu alikuwepo, ndiyo, alirudi, na safari hii alirekodi yote na hakuna aliyemfutisha. Hata hii theatre kuna kipindi ilizungumzwa kubomolewa pajengwe jengo refu, wasanii wakapiga kelele. Nilipomwambia yule mama hivyo alinishika mkono kwa nguvu akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kutoka hapo kwenda kwenye Sanamu ya Uhuru ni mwendo mfupi, hata yule mama alifika, polepole. Mama aliyefungwa mwilini anamnyanyua mtoto juu, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesomea na kufundisha sanaa Makerere, ikasimamishwa 1962. Wengi kwenye kundi walidhani ni ya Mzungu. Vijana wawili wa Kisumu walifurahi kupita kiasi, ikabidi tupige picha sita.

Kitu kingine, msibishane na mtu anayesema majengo haya ni ya mkoloni yaanguke tu. Alikuwepo kijana mmoja wa hivyo, na hoja yake si ya kijinga, yamejengwa wakati wa ukoloni ndiyo. Nilimwomba tu amuulize mzee wa reli ni nani walichanganya zege. Mzee akahesabu majina ya baba zao na wajomba, Wajaluo, Waacholi, Wahindi mafundi, Waganda, majina mengi, akawa anakunja kidole kimoja kimoja mpaka vidole vikaisha akaanza upya. Kijana akatoa simu akaanza kuyaandika.

Saa kumi na mbili kasoro kamunye iko tayari na hakuna anayepanda. Dereva anapiga honi, watu wamekaa kwenye majani wanaongea. Nililipa nyongeza ya elfu ishirini za kusubiri na sikuzionea uchungu hata kidogo.

Zile sehemu saba zilizobaki tunazifanya moja moja. Hekalu la Wabahai pale Kikaaya, la 1961, pande tisa na kuba la kijani, tumeshaenda, Jumapili asubuhi, tukakaa kimya nusu saa bila maelezo yoyote. Namugongo pia, lile kanisa la Justus Dahinden la Uswisi lenye umbo la nyumba ya Kiganda na nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22 wa Kikatoliki waliouawa kwa ajili ya imani yao, ila msiende karibu na tarehe 3 mwezi wa sita kama mnataka kuliangalia jengo, siku hizo ni za mahujaji, waachieni nafasi. Sasa tunachangia kwenda Mityana kuona kanisa lingine la Dahinden, ile mikunjo yake mikubwa kama maganda. Yule mama wa Nsambya ameshalipa, anataka kiti cha mbele kwa sababu ya goti, na bibi wa yule mtoto amenipigia kuuliza kama fimbo nitaileta mimi au waje na yao.