Bomba la kopa lililonigomea

Jumamosi, usiku

Leo nimeaibika kwenye karakana ya mjomba. Nilipitia kumwamkia tu, nikamkuta kainamia friji, mikono imejaa. Akanitupia kipande cha bomba la kopa nikikunje. Nikakunja, pembe haikukaa sawa. Nikakinyoosha, nikakunja tena pale pale. Mara ya tatu bomba likawa gumu. Ya nne likapasuka.

Mjomba hakunisema. Alichukua kipande kingine alichokuwa amekwisha kukikunja, kigumu vilevile, akakipitisha kwenye moto wa gesi mpaka kikawa chekundu kidogo, akakichovya kwenye ndoo ya maji, akanipa. Kikakunjika bila ubishi.

"Kopa ukiichezeachezea inakasirika," akasema. "Ipe moto, isahau."

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, mwaka wa tisa huu, na hilo "isahau" ndilo linaloninyima usingizi.

Kopa ndiyo shaba, na shaba ni fuwele: atomu zake zimejipanga safu kwa safu. Mwaka 1926 mwanafizikia wa Kisovieti, Yakov Frenkel, alipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa ili safu nzima iteleze juu ya mwenzake kwa mkupuo mmoja. Jibu likatoka kubwa mara maelfu kuliko nguvu inayotosha kukunja fuwele ya metali safi. Kwa hesabu hiyo, mimi na vidole vyangu hivi tusingelifanya kitu lile bomba. Mwaka 1934 wanasayansi watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, wakaona siri iko wapi: safu hazitelezi zote pamoja. Ndani ya fuwele mna safu zinazoishia njiani, na pale zinapoishia pana mstari wa mpangilio uliovurugika. Mstari huo ndio unaotembea, hatua moja moja. Aliyewahi kusogeza busati kubwa la msikitini anaelewa: hulivuti zima, unatia mkunjo upande mmoja kisha unausukuma kwa mguu mpaka upande wa pili. Mwaka 1956, huko Cambridge, watu waliiona mistari hiyo ikitembea kwa hadubini ya elektroni, ndani ya karatasi nyembamba ya alumini.

Basi kopa ni laini kwa sababu ya kasoro. Ila kila ukikunja, mistari inazaana. Ikiwa michache inapishana. Ikijaa inakamatana kama bodaboda kwenye njia panda isiyo na trafiki, na hapo metali inagoma. Kasoro ile ile iliyoilainisha ndiyo inayoikaza. Moto unazipa atomu nafasi ya kuhama, chembe mpya za fuwele zinaota zikiwa na mistari michache, na bomba linakuwa kama halijawahi kukunjwa. Kusahau hasa. Miaka yote hii ubaoni naandika "kasoro za fuwele", na wanafunzi wangu, najua, wanafikiria mali mbovu ya dukani.

Ile ndoo ya maji nusura inifedheheshe zaidi. Nilitaka kumwambia mjomba kwamba anaharibu, maana chuma cha pua kikitoka motoni na kuchovywa kinakuwa kigumu. Bahati nilinyamaza. Chuma cha pua kina kaboni, na kikipoa ghafla atomu za kaboni zinanaswa katikati ya zile za chuma, zinabana. Kopa haina kaboni ya kunasa. Maji ni ya kuipoza tu, fundi asisubiri. Na mjomba hana kipimajoto, anasoma rangi. Shaba huyeyuka nyuzi 1,085 za Selsiasi. Hajawahi kuniuliza, wala hana haja.

Kipande kilichopasuka ninacho hapa mezani. Jumatatu nakwenda nacho darasani, pamoja na waya za umeme zilizochunwa, kila mwanafunzi akunje na kuhesabu mpaka ikatike. Mtungi wa gesi mjomba amekubali kuniazima. Bomba nililovunja, amesema, nitalilipa.