Siku moja Bellevue: kazi, basi la B na sataranji ya Crossroads

Saa 10 na nusu alfajiri nimeshaswali na nimeinjika chai ya maziwa. Juni huku usiku ni mfupi mno. Jua linachomoza saa 11 na ushei, na Magharibi haiingii mpaka saa 3 usiku. Desemba mambo hugeuka, saa 10 na nusu jioni jua limeshazama, na hapo wageni wengi huanza kunyong'onyea. Kwa hiyo jua la sasa silichezei.

Naishi na binti wa shangazi yangu mtaa wa Crossroads, upande wa mashariki wa Bellevue, jimbo la Washington, Marekani. Mji wenyewe si mkubwa, sensa ya 2020 ilihesabu watu 151,854, lakini una pesa. Microsoft ilikuwa hapa kuanzia 1979 kabla ya kuhamia Redmond, mji jirani, na siku hizi maghorofa ya katikati yamejaa ofisi za Amazon. Mshahara wa mhandisi ndio unaopanga bei ya nyumba, nasi tunaolea wazee tunalipa bei hiyohiyo. Kodi inatukaba koo, na ndiyo maana tunakaa wawili.

Saa 12 na robo nipo kituoni nasubiri RapidRide B, basi jekundu linalokwenda katikati ya mji. Mgeni yeyote akifika kwetu, kabla hajafungua sanduku namwambia aombe kadi ya ORCA LIFT, ya wenye kipato kidogo. Nauli inakuwa dola 1, na ndani ya saa mbili unaruhusiwa kubadili basi au kupanda treni bila kulipa upya. Watoto hadi miaka 18 hawalipi kabisa. Nimewaona watu wakikopa gari la pili kwa riba ya kuumiza huku basi linapita mlangoni mwao.

Saa 1 asubuhi naingia kwa bibi ninayemhudumia. Kazi hii ina mafunzo ya saa 75 na mtihani, usidhani ni kufagia na kupika uji tu. Namwogesha, namkausha vizuri katikati ya vidole vya miguu, nakagua visigino kama vina wekundu, ndipo namvisha soksi. Dawa, kifungua kinywa, kisha tunapumzika.

Saa 4 tunatoka kwenda Downtown Park, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Katikati ya ardhi ambayo kila hatua yake ni mali, wameacha uwanja wa majani uliozungukwa na njia ya duara, kama mita 800 hivi, na mfereji wa maji unaoshuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye maporomoko. Hakuna kiingilio, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Bibi anasukuma kigari chake taratibu, kila benchi anakaa. Leo amenionyesha kwa fimbo upande wa maghorofa.

"Mama yangu alikuwa akinunua stroberi huko," akaniambia. "Mashamba ya Wajapani."

Ni kweli. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wahamiaji wa Kijapani walifyeka misitu ya hapa wakalima stroberi, hata mji ukawa na sherehe yake ya stroberi kila mwaka, kuanzia 1925. Mwaka 1942 serikali ikawaondoa wao na watoto wao waliozaliwa humuhumu, ikawapeleka makambini, na sherehe ikasimama. Mimi naona kila mgeni wa Bellevue aijue habari hiyo kabla hajaambiwa kwamba mji huu ulijengwa na kompyuta.

Saa 9 namkabidhi bibi kwa mwenzangu wa zamu ya jioni.

Saa 10 nipo Crossroads, jengo la maduka lililo karibu na kwetu. Wahandisi wa Kihindi ni wengi upande huu, kwa hiyo madukani mwao sikosi mbaazi, iliki, tui la nazi na muhogo wa kugandishwa. Nikishanunua napita kwenye sataranji. Ubao wake umechorwa sakafuni, na kete zake ni za kunyanyua kwa mikono miwili. Mzee mmoja alikuwa akicheza na kijana ambaye kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Hawana lugha moja ya kutosha kuzungumza. Mzee alimbeba farasi, akamtua, akarudi nyuma na mikono mgongoni. Kijana akasimama akikodolea ubao muda mrefu, halafu akacheka na kumpa mkono. Wazee wa Kichina, Warusi na Wahindi waliozunguka wakapiga makofi. Ukiwa mpya na huna mtu wa kukujulia hali, njoo usimame hapa, utapata wa kusalimiana naye. Mle mle Crossroads kuna Mini City Hall, ofisi ndogo ya manispaa inayowaelekeza wageni, na maktaba. Maktaba za wilaya yetu zina darasa la bure la kuzungumza Kiingereza, Talk Time, nami namwombea dua kila aliyelianzisha.

Saa 2 usiku bado kweupe. Mombasa ni saa 12 asubuhi, nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Na watu unao?"

Ninao. Jumapili tunakutana Marymoor, bustani kubwa ya Redmond ambako vijana hucheza kriketi. Tangu Mei 2025 treni inashuka Marymoor Village, hivyo hata asiye na gari anafika. Binti wa shangazi analeta pilau, mimi chai na majamvi, na familia ya Wakongo waliohamia juzi kutoka Kent, mji ulio kusini kwetu, nimewaambia waje na watoto na mpira.